Haki ya Anayekatizwa

Kisa cha Jureji kimo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, na walimu wa madrasa hukitoa wanapofundisha haki za mama. Jureji alikuwa mchamungu wa Wana wa Israeli aliyejitenga katika kijumba chake cha ibada. Siku moja mama yake alimjia akamwita, naye yuko katikati ya sala. Moyo ukagawanyika: mama huku, sala huku. Akaendelea kusali. Mama akaenda zake, akarudi siku ya pili, akarudi na ya tatu, na mara zote hakuitikwa. Ndipo alipoomba kwamba mwanawe asife kabla hajaziona nyuso za makahaba. Dua ikapita. Mwanamke mmoja alizaa, akadai mtoto ni wa Jureji. Watu wakamteremsha, wakampiga na kumbomolea kijumba chake, hadi yule mtoto mchanga alipotamka kwamba baba yake ni mchunga mifugo.

Wanachuoni walijiuliza kosa lake lilikuwa nini hasa. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 13 ambaye vitabu vyake vinasomwa pwani yote ya Afrika Mashariki, ameeleza katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim kwamba sala ile ilikuwa ya sunna, ilhali kumwitika mama ni wajibu. Jureji angeweza kuifupisha sala, akamwitika mama yake, kisha akarudi kusali.

Jibu hilo linamtazama anayeitwa. Upande wa pili wa jambo huzungumzwa mara chache: anayeita naye ana wajibu gani? Mwenye uwezo wa kukatiza kazi ya mwingine anadaiwa nini na yule anayemkatiza? Wapo watu wanaolijibu swali hilo kila jioni, kwa vitendo, tena kwa undani ambao vitabu vingi vya maadili haviufikii. Hao ni watu wanaojiandikia kerneli.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, programu inayotangulia programu zote za mtumiaji kompyuta inapowaka, kisha ikabaki ikitawala: inagawa muda wa prosesa, inagawa memori, inaamua nani aguse diski na nani asiguse. Makampuni makubwa huajiri wahandisi kwa mamia kwa kazi hiyo, lakini wako pia wanaoifanya kwa mapenzi tu, baada ya saa za kazi. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Huo ndio Linux, na kerneli yake leo imo ndani ya kila simu ya Android. Mwaka 2018 Andreas Kling wa Sweden, aliyekuwa ametoka kumaliza tiba ya uraibu na akitafuta kitu cha kujaza siku zake, alianza kuandika mfumo aliouita SerenityOS. Jina alilitoa kwenye sala inayosaliwa katika mikutano ya watu wanaoacha pombe, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na mwanateolojia wa Marekani Reinhold Niebuhr: sala ya mtu anayemwomba Mungu amsaidie kupambanua lililo mikononi mwake na lisilokuwamo.

Ndani ya kompyuta, karibu kila kitu kimo mikononi mwa anayeandika kerneli. Anaweza kuisimamisha programu yoyote wakati wowote, akasoma siri zake zote, akaifuta. Hana bosi, na aghalabu hana hata mtumiaji mmoja wa kumlalamikia. Ndiyo maana inastaajabisha kwamba sehemu ngumu kabisa ya kazi yake, ile inayomfanya akeshe, ni kujifunga mikono.

Programu inayoendeshwa huitwa mchakato, na ndani ya mchakato mna uzi mmoja au zaidi. Uzi ni mfuatano mmoja wa utendaji: agizo ulilofikia, thamani zilizomo katika rejista za prosesa, na staki yake ya kuwekea hesabu za muda. Nyuzi kumi zinaweza kufanya kazi pamoja juu ya memori ileile. Kling alianza na michakato mitupu. Mwaka 2019 ndipo alipoifumua kerneli yake na kuutenga uzi na mchakato, ili kinachopangiwa zamu kiwe uzi. Ishara, kwa upande wake, ni wito. Mtumiaji amebonyeza Ctrl na C, mchakato mtoto umekufa, muda uliowekwa umeisha, programu imegusa memori isiyo yake, au kuna anayetaka ife. Mifumo ya ukoo wa Unix, ulioanzia Bell Labs mwaka 1969 mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, huzipa ishara namba: 2 kwa Ctrl na C, 11 kwa memori isiyoruhusiwa, 15 na 9 kwa kifo.

Lakini kabla ya wito wenye sauti kuna kukatizwa kwa kimya. Saa ya ndani ya kompyuta hupiga mara nyingi kwa sekunde, na kila inapopiga kerneli inaweza kuuondoa uzi kwenye prosesa na kuweka mwingine. Uzi ulioondolewa haujui. Kwake agizo la pili limefuata la kwanza bila pengo, hata kama katikati zimepita dakika nzima. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, kwenye kipande kinachobadilisha michakato, waandishi waliacha maelezo mashuhuri yanayomwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa mahali hapo. Ugumu wenyewe ni huu: kipande hicho huitwa na mchakato mmoja, na kinaporudi kinarudi ndani ya mchakato mwingine. Miaka mingi baadaye Ritchie alikiri kwamba hata wao hawakuwa wamelielewa vizuri.

Aliyesoma tauhidi ya Kiash'ari atahisi kwamba amewahi kupita njia hii. Wanachuoni wa mkondo huo walifundisha kwamba viumbe havidumu kwa nguvu zao. Mungu huviumba upya wakati hadi wakati, na kinachoonekana kuwa mwendelezo wa dunia ni desturi Yake isiyokatika. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa. Pamba inaungua ikikutana na moto, lakini jicho linachoshuhudia ni kuungua wakati wa kukutana, halishuhudii kwamba moto ndio uliounguza. Fundi wa kerneli hafananishwi na Mungu, ambaye hana mfano. Kinachofaa kuchukuliwa hapa ni upande wa kiumbe: maisha yanaweza kuwa yamenyooka kabisa kwa ndani, na kunyooka kwake kukawa kunategemea uaminifu wa mwingine asiyeonekana.

Uaminifu huo ndio unaopimwa ishara inapokuja, kwa sababu hapo uzi hausimamishwi tu, unapelekwa kwingine. Programu huwa imeandaa kipande cha kupokea ishara; kiitwe mpokezi. Kabla ya kuupeleka uzi kwa mpokezi, kerneli huchukua kila rejista yake na kuinakili kwenye staki ya uzi wenyewe. Huandika pia ni ishara zipi uzi ulikuwa umezizuia. Kisha hubadilisha anwani ya agizo linalofuata ielekee kwa mpokezi, na anwani ya kurudia huielekeza kwenye kijipande cha maagizo machache. Mpokezi akimaliza, huangukia kwenye kijipande hicho, nacho huiomba kerneli irudishe kila kitu kilivyokuwa. Kerneli husoma nakala, hurejesha rejista moja baada ya nyingine, na uzi unaendelea pale pale ulipoachia. Afupishe, aitike, arudi: ushauri wa Imamu Nawawi, ila hapa mzigo wa kuhakikisha kurudi kunawezekana umewekwa juu ya anayeita.

Mzigo huo una vipengele ambavyo fundi mgeni havioni. Katika prosesa za biti 64 za ukoo wa x86, kanuni inayofuatwa na mifumo ya Unix inairuhusu programu kutumia baiti 128 zilizo chini ya kilele cha staki bila kutangaza kwamba imezichukua. Sehemu hiyo huitwa eneo jekundu. Ukiitazama kutoka kwenye kerneli, inaonekana tupu. Fundi asiyejua ataandika nakala yake papo hapo chini ya kilele, na programu nyingi zitaendelea salama, kwa kuwa si kila kipande cha programu hulitumia eneo hilo. Kisha siku moja ishara inaingia wakati kipande fulani kidogo kimehifadhi hapo jumla ya hesabu zake. Jumla inafutwa. Programu haianguki wala hailalamiki. Inatoa jibu la uongo, na ukiiendesha tena inatoa jibu sahihi, kwa sababu safari hii ishara imeingia mapema kidogo. Tiba ni agizo moja la kutoa: toa 128 kwenye anwani ya kilele kabla ya kuandika chochote. Agizo moja, na mtu anaweza kulitafuta kwa wiki nzima.

Jambo hilo dogo lina uzito wa kimaadili. Haki ya anayekatizwa haiishii kwenye alivyovitangaza. Inafika hadi kwenye alivyovishika bila kusema, na kutovijua si udhuru kwa mwenye mamlaka ya kukatiza. Mwalimu anayemtoa mtoto darasani, hakimu anayeahirisha kesi, serikali inayohamisha kijiji ili barabara ipite, wote hukutana na eneo jekundu la namna yake: mambo yasiyomo kwenye daftari lolote na ambayo maisha ya mtu yameegemea hapo.

Nakala ile nayo ina hatari yake, kwa kuwa imewekwa mahali ambapo programu inaweza kuigusa. Mwaka 2014 Erik Bosman na Herbert Bos wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam walionyesha jinsi mshambuliaji anavyoweza kughushi nakala ya aina hii, akaiomba kerneli irejeshe hali ambayo haijawahi kuwapo, na kerneli ikatii. Kerneli makini hukagua kwamba nakala haidai hadhi ya kerneli yenyewe. Zaidi ya hapo, inamwamini mwenye nakala.

Sasa, nani anamlazimisha fundi kuziruka zile baiti 128? Wanatauhidi wa Basra na Baghdad walibishana karne nyingi zilizopita juu ya swali la sura hii. Wamu'tazila walisema uadilifu ni wajibu hata kwa Mungu. Waash'ari wakajibu kwamba hakuna kitu kilicho juu Yake kiasi cha kumwajibisha; haki ya viumbe mbele Yake inatokana na kwamba Yeye Mwenyewe amejiandikia rehema na amejulisha kwamba hahalifu ahadi. Wakristo na Wayahudi wana agano: baada ya gharika Mungu anamwahidi Nuhu kwamba hataiangamiza tena dunia kwa maji, na Anayejifunga ndiye asiyeweza kufungwa na mwingine.

Kwa wahandisi ahadi ina jina, POSIX, kanuni iliyotolewa mwaka 1988 kueleza mfumo wa ukoo wa Unix unavyopaswa kuzitendea programu, ishara zikiwemo. Kampuni inayouza mfumo inaweza kubanwa na mkataba iifuate. Fundi wa kujifurahisha habanwi na yeyote. Anaifuata kwa hiari, na anapoifuata ndipo programu zilizoandikwa na watu asiowajua, wengine wameshakufa, zinapoweza kuishi juu ya kerneli yake. Mamlaka isiyotabirika haijengewi nyumba. Waash'ari na Wamu'tazila hawakukubaliana mzizi wa wajibu uko wapi, lakini kwa anayetawaliwa matunda ni mamoja: anaweza kupanga kesho yake.

Alikuwepo mtu aliyeukataa mpaka wenyewe kati ya kerneli na programu. Terry Davis, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1969 na kufariki mwaka 2018, aliandika peke yake kwa zaidi ya miaka 10 mfumo alioamini kwamba Mungu amemwagiza aujenge kama hekalu. Uliitwa TempleOS. Skrini yake ilikuwa ya nukta 640 kwa 480 na rangi 16, na hata vipimo hivyo alisema vimetoka mbinguni. Davis aliishi na skizofrenia, na maneno yake mengi yaliwaumiza watu. Ufundi wake, hata hivyo, uliheshimiwa na waliousoma. Katika TempleOS kila programu inaendeshwa kwa hadhi ya kerneli. Hakuna memori iliyolindwa. Hakuna kazi inayonyang'anywa prosesa. Kila moja huachia kwa hiari yake. Katika dunia hiyo suala la haki ya anayekatizwa halizuki, kwa kuwa hakuna anayekatizwa. Lakini kazi moja ikikataa kuachia, nyingine zinasubiri bila wa kumlilia, na kosa dogo la mmoja linaweza kuandika juu ya memori ya wote. Kuondoa mtawala hakukuondoa dhuluma, kuliifanya tu isiwe na wa kuulizwa.

Mpaka una faida nyingine: unatoa mahali pa kuitia. Katika Unix na ndugu zake, ishara haimdaki mtu popote. Hupokelewa uzi unapovuka kutoka ndani ya kerneli kurudi kwenye maagizo yake wenyewe, mithili ya mjumbe anayengoja mlangoni mwa msikiti mpaka mwenye kuitwa atoke. Tatizo ni uzi uliolala ndani ya kerneli. Umeomba kusoma herufi kutoka kwenye kibodi, na hakuna anayebonyeza. Ishara imefika. Je, ingoje mpaka mtu abonyeze, labda kesho?

Juu ya hili Richard Gabriel, mtaalamu wa lugha ya Lisp, alisimulia kisa katika makala yake ya mwaka 1991. Walikutana watu wawili mashuhuri, mmoja wa MIT na mmoja wa Berkeley. Yule wa MIT alikuwa ameusoma msimbo wa Unix, akataka kujua umelitatuaje suala la ombi linalokatizwa katikati. Katika mfumo wa ITS wa kwao, kerneli ilikuwa ikirudi nyuma kwa uangalifu, ikamrejesha mwombaji kwenye lile agizo la kuomba, ili baada ya ishara ombi lianze upya bila yeye kujua. Kazi hiyo ilihitaji kurasa za msimbo mgumu. Wa Berkeley akamjibu kwamba Unix haihangaiki hivyo: ombi hurudi na namba ya kosa kusema limekatizwa, na programu yenyewe iangalie na iombe tena. Wa MIT hakuridhika, akaona hilo silo lililo sawa. Wa Berkeley akaona kerneli nyepesi ina thamani kuliko kerneli kamilifu.

Unix ndiyo iliyoshinda duniani, na Gabriel mwenyewe alieleza kwa nini: kilicho rahisi huenea haraka. Ushindi huo haufuti deni. Mwenye nguvu alijipunguzia kurasa chache za msimbo, na mzigo ukagawanywa kwa kila mwandishi wa programu duniani, ambaye sasa ilimpasa kukumbuka kila mara anaposoma au kuandika faili kwamba huenda amekatizwa. Wengi hawakukumbuka. Toleo la 4.2 la Unix ya Berkeley, la mwaka 1983, lilianza kuyarudia maombi yaliyokatizwa lenyewe. Baadaye POSIX ikamwachia mwandishi wa programu achague. Anayeandika kerneli leo anakutana na njia panda ileile, na anachoamua hapo kinaonyesha anavyouona ubwana wake. SerenityOS ina namba hiyo ya kosa, kama jamaa zake wote.

Nyuzi zinapokuwa nyingi, wito unaleta swali jipya: ni nani hasa anayeitwa? Ishara imeandikiwa mchakato wenye nyuzi kumi. Zote zikatizwe? POSIX iliamua kwamba ishara ya mchakato mzima ipokelewe na uzi wowote mmoja ambao haujaizuia, na ukishapokea huo, zilizobaki hazina dai. Mwanafunzi wa fikihi analo tayari jina la hukumu hii: ni faradhi kifaya, kama sala ya jeneza, ambayo wakiisimamisha baadhi ya watu wa mtaa imewaondokea wote, na isiposimamishwa na yeyote wameingia makosani wote. Kwa ishara nyingine hukumu ni faradhi aini. Uzi uliogusa memori isiyoruhusiwa ndio unaopelekewa ishara namba 11, huo huo, kwa sababu ndio uliotenda.

Linux ilichelewa kuipata hukumu hii. Maktaba yake ya kwanza ya nyuzi iliyoenea, iliyoandikwa na Xavier Leroy katika miaka ya 1990, iliufanya kila uzi uwe na namba yake ya mchakato, kwa hiyo ishara iliyoandikiwa namba moja ilimfikia mmoja tu, hata akiwa ameizuia na wenzake wako tayari kuipokea. Wito wa jamaa ukawa wito wa mtu. Ilibidi kerneli yenyewe ibadilishwe, na toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003 ndipo ishara za mchakato zilipoanza kugawiwa kama kanuni inavyotaka.

Na hapa pana ukali unaofaa kutajwa. Ishara namba 11 inaufikia uzi uliokosa, lakini mchakato usipokuwa umeandaa mpokezi, wanaokufa ni nyuzi zote. Tisa zisizo na hatia zinakwenda na moja. Sababu ya kiufundi ni nzito: memori ni ya pamoja, na aliyeiharibu anaweza kuwa ameiharibu ya wote, kwa hiyo kuendelea ni kujenga juu ya uongo. Qurani inayo onyo juu ya fitina isiyowasibu waliodhulumu peke yao. Hata hivyo, kuielewa sababu hakumfanyi mtu asione uchungu wake, na mafundi wenye huruma huitenganisha kazi ya hatari katika mchakato wake peke yake, ili ikianguka ianguke nayo tu. Vivinjari vya kisasa vinafanya hivyo kwa kurasa vinazofungua.

Anayeitwa naye amepewa haki ya kuahirisha. Kwa kila uzi kerneli hutunza orodha ya ishara ulizozizuia kwa muda; zikija, zinasubiri. Unix za awali hazikuiheshimu haki hii vizuri: mpokezi akishaitwa mara moja, kerneli ilimsahau, na ishara ya pili ikiingia kabla hajajiandikisha tena, programu ilikufa kwa wito ambao ilikuwa tayari kuuitikia. Toleo la mwaka 1983 ndilo lililorekebisha. Umebaki upungufu mmoja ambao haujaondoka mpaka leo. Ishara ya kawaida inayosubiri huwekewa alama ya biti moja tu, ipo au haipo, kwa hiyo ikija mara tatu wakati imezuiwa, itapokelewa mara moja. Huwezi kujua kama umeitwa na mwenye haraka au na aliyekata tamaa.

Ishara mbili hazizuiliki. Namba 15 si mojawapo: huiomba programu ife, nayo inaweza kuomba nafasi: ikahifadhi faili, ikafunga mawasiliano, ikaaga. Namba 9 haiombi. Haina mpokezi, haiahirishwi. Nyingine isiyozuilika ni ile ya kusimamisha, ambayo haiui. Lakini hata namba 9 haimkati mtu popote alipo, na hili huwashangaza wengi wanaolisikia mara ya kwanza. Uzi unaweza kuwa ndani ya kerneli, umeshika kufuli la jedwali ambalo nyuzi zote zinalitegemea. Ukifa papo hapo, umekufa na ufunguo. Na kuuachilia ufunguo tu hakutoshi: lugha ya Java iliwahi kuwa na njia ya kuuua uzi ghafla. Mwaka 1998 watengenezaji wake waliitangaza kuwa isitumike tena, kwa kuwa uzi uliouawa uliachia makufuli yake yote huku data ulizokuwa ukizilinda zikiwa nusu zimebadilishwa. Ndiyo maana katika SerenityOS uzi uliohukumiwa huwekewa alama tu. Unaachwa umalize ulichoshika, uachie makufuli, urudi njia uliyojia, na unapokaribia kuvuka kurudi kwenye programu yake, hapo ndipo unapokufa.

Je, kama haurudi? Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na usingizi wa aina mbili: unaokatizwa na ishara yoyote, na usiokatizwa na chochote. Uzi uliokuwa ukisoma faili kutoka kwenye seva ya mbali ulilala usingizi wa pili, na seva ikizimika, mchakato ulibaki hapo, haufanyi kazi na hauuliki, namba 9 ikitumwa mara mia. Waliouweka usingizi huo walikuwa na hoja ya haki: programu nyingi zimeandikwa zikiamini kwamba kusoma faili hakukatizwi, na zikirudishiwa nusu ya jibu zitakosea. Wakailinda programu mpaka ikawa haiwezi hata kufa.

Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.25, iliingizwa aina ya tatu iliyotungwa na Matthew Wilcox: usingizi unaoamshwa na ishara ya kifo peke yake. Hoja yake inapendeza kwa unyofu. Hofu yote ilikuwa juu ya programu itakayolisoma jibu lililokatika, na programu inayokwenda kufa haitalisoma jibu lolote, kwa hiyo ile ahadi haivunjwi. Tangu hapo waandishi wa kerneli hiyo wamekuwa wakipitia msimbo wa zamani mahali hadi mahali, wakiuliza kila usingizi ni kwa ajili ya nani na kama mwenyewe bado yupo wa kuamka. Anayeandika kerneli yake jioni anaanza na swali hilohilo siku ya kwanza anapoandika agizo la kuulaza uzi, na hawezi kulipita bila kuamua.